CAN 2027: Shabiki wa Congo anywe bia ya mwenyeji wake

Mwaka wa 2027, Kombe la Mataifa ya Afrika, CAN, litachezwa Kenya, Uganda na Tanzania. Kwa mkaaji wa Bunia, Goma, Bukavu, Uvira, Kalemie ao Lubumbashi, hiyo ni CAN ya jirani. Hakuna lazima ya kupanda ndege hadi Abidjan ao Rabat. Kuna basi, kuna boti, na kuna lugha. Kiswahili cha Bukavu kitasikilika Nairobi na Dar es Salaam, hata kama watu watacheka kidogo matamshi yake.

Leopards wakifuzu, mashabiki wengi watavuka mpaka. Watauliza habari za tiketi, za visa na za pahali pa kulala. Kuna swali lingine ambalo wengi wanaliona dogo, ila si dogo: mechi ikiisha, shabiki ataenda kuketi wapi, na atakunywa nini?

Jibu ni rahisi kulisema, lakini wengi hawalifuati. Aketi pale wenyeji wanapoketi. Anywe bia inayopikwa katika nchi hiyo. Alipe bei ya mwenyeji, na aongee na watu. Anayerudi nyumbani bila kufanya hivyo ameona mechi, lakini hajaona nchi. Na Congo, kwa hali iliyo nayo leo, inahitaji raia wake waketi na majirani na kusema nao.

Mechi ina dakika 90, siku ina saa 24

Katika mashindano kama CAN, timu inacheza, kisha inapumzika siku tatu ao nne kabla ya kurudi uwanjani. Shabiki aliyetoka Kalemie hadi Dar es Salaam kwa ajili ya mechi tatu za kundi ataketi uwanjani saa chache tu. Siku zote zinazobaki ataziishi mtaani. Asipojua mtaa, atazimaliza chumbani akiangalia simu, ao ataingia kila jioni pahali pale pale karibu na hoteli, ambapo bia ni ya bei ya wageni.

Mkaaji wa Lubumbashi anayefuata kabumbu analijua jambo hili. Akivuka Kasumbalesa kwenda kutazama mechi Ndola ao Kitwe, haikuti tena Simba kwenye kila meza. Anakuta Mosi, bia ya Zambia iliyopewa jina la maporomoko ya Mosi-oa-Tunya. Kosa ni kuuliza kama Simba iko, kununa ikikosekana, kisha kuagiza bia ya kopo kutoka Ulaya kwa bei ya juu. Mosi itamkuta ulimi wake haujazoea, ni kweli. Lakini ndiyo itakayomfanya jirani wa meza amuulize: na ya kwenu ikoje?

Hata njiani kuna somo. Anayetoka Bukavu kwenda Dar es Salaam kwa barabara atapita Rwanda ao Burundi. Huko kote atakuta Primus. Jina ni lile lile la nyumbani, lakini inapikwa na viwanda tofauti, na wanywaji wa kila upande wanaapa kwamba ya kwao ndiyo ya kweli. Ubishi huo ni mzuri kuliko mwingine wote unaoendelea mipakani.

Kuna pia sababu ya mfuko. Bia ya nchi inapikwa karibu, inafika dukani ingali mpya, na mara nyingi inauzwa katika chupa inayorudishwa kiwandani. Hiyo ni moja ya sababu bei yake iko chini. Shabiki akumbuke tu kwamba chupa si yake. Akiondoka nayo kwenda kushangilia barabarani, mama mwenye baa ndiye atakayeilipa.

Yale Abidjan iliyofundisha

CAN iliyochezwa Côte d'Ivoire, mwezi wa kwanza na wa pili wa mwaka wa 2024, ilikuwa shule nzuri. Leopards walianzia San-Pedro kwa sare na Zambia na Maroko, wakaenda Korhogo kwa sare na Tanzania, wakarudi San-Pedro kuitoa Misri kwa penalti, ambapo kipa Lionel Mpasi mwenyewe alifunga penalti ya ushindi. Kisha wakaifunga Guinea 3-1 mjini Abidjan. Anayeifuata timu namna hiyo anapita katika miji mitatu yenye maisha tofauti.

Katika miji yote hiyo kulikuwa na pahali pa kuketi: maquis. Ni sawa na nganda ya kwetu. Kuna viti vya plastiki chini ya mti ao chini ya mabati, samaki ao kuku juu ya makaa, sahani ya attiéké, alloco iliyokaangwa, televisheni iliyogeuzwa kwa watu wote, na bia ya hapo hapo. Chupa kubwa ya Bock, bia ya kiwanda cha Solibra, watu wa Côte d'Ivoire waliipa jina la Drogba. Shabiki anayeagiza Drogba kwa jina hilo, huku amevaa jezi ya Congo, ameshaanza mazungumzo kabla ya kuketi.

Maquis inafundisha namna ya kutambua pahali pazuri katika mji usioujua. Dalili ni nne, na zinafaa popote Afrika. Ya kwanza, wenyeji ni wengi kuliko wageni, na kati yao kuna wanawake na watu wazima, si vijana wa kiume peke yao. Ya pili, jiko liko wazi, nyama inaonekana na moshi unanukia. Ya tatu, chupa inafunguliwa mezani, mbele ya macho ya mnywaji. Ya ine, ukiuliza bei unajibiwa mara moja, bila mhudumu kutazama kwanza viatu vyako.

Pahali palipokosa dalili mbili kati ya hizo, afazali kuondoka mapema.

Karibu na uwanja, bia ni ya mdhamini

Wengi watasema: kwa nini kuhangaika, wakati karibu na uwanja kutakuwa na eneo la mashabiki, skrini kubwa na bia? Kwa sababu bia inayouzwa ndani ya uzio huchaguliwa na mkataba wa mdhamini, si na ladha ya mnywaji.

Ujerumani ni nchi ya bia kuliko nyingi duniani. Ilipopokea Kombe la Dunia mwaka wa 2006, mdhamini alikuwa Budweiser ya Marekani. Wajerumani walilalamika sana, mpaka kukapatikana mapatano ili bia ya kwao, Bitburger, iuzwe pia viwanjani, lakini katika vikombe visivyo na jina. Ikiwa Mjerumani alilazimika kupigania bia yake nyumbani kwake, mgeni kutoka Kindu asitegemee kwamba uzio wa uwanja utamwonyesha ladha ya nchi.

Qatar ilionyesha hatari nyingine. Tarehe 18 mwezi wa kumi na moja mwaka wa 2022, siku mbili tu kabla ya mechi ya kwanza ya Kombe la Dunia, ilitangazwa kwamba bia yenye kilevi haitauzwa tena kwenye viwanja. Ilibaki katika hoteli zenye kibali na katika eneo kubwa la mashabiki mjini Doha. Huko nusu lita iliuzwa riyali 50, karibu dola 14. Qatar ni nchi yenye haki ya kushika desturi yake, na hakuna wa kuilaumu kwa hilo. Lakini waliokuwa wamepanga furaha yao yote ndani ya uzio walibaki bila mpango. Waliokuwa wameuliza mapema maisha ya mji yakoje hawakupoteza kitu.

Sheria ya nchi ndiyo ya kwanza

Hapo ndipo kuna jambo ambalo shabiki wa Congo anapaswa kulikubali kabla ya kufunga mfuko wake. Congo ni nchi ambamo bia inanyweka wazi, barabarani, mchana, muziki ukipigwa. Si kila nchi iko hivyo.

Maroko, ambako CAN ilichezwa mwisho wa mwaka wa 2025 na ambako Leopards walicheza Rabat na Tanger, bia ipo na inapikwa hapo hapo: Casablanca, Flag Spéciale, Stork. Lakini inauzwa katika baa na hoteli zenye kibali na katika baadhi ya maduka makubwa. Haiwekwi barazani. Aliyetafuta nganda ya wazi Rabat alitembea sana. Aliyekubali kunywa chai ya mnanaa katika mkahawa uliojaa wanaume wakitazama mpira aliona Maroko jinsi ilivyo.

Kwa mwaka wa 2027, mambo machache yajulikane mapema. Nchini Kenya, sheria ya vileo ya mwaka wa 2010 inazipa baa za kawaida saa maalumu: kutoka saa 17:00 hadi saa 23:00 siku za kazi, na kutoka saa 14:00 siku ya posho na siku ya yenga. Shabiki anayetaka kuanza saa nne ya asubuhi, kama alivyozoea siku ya mechi nyumbani, anaweza kujikuta akiwaeleza polisi. Zanzibar, ambako uwanja wa Amaan ulipokea mechi za CHAN mwezi wa nane mwaka wa 2025, ni visiwa vya Waislamu. Bia iko katika pahali penye kibali, lakini kutembea nayo mkononi katika vichochoro vya Mji Mkongwe ni kumkosea heshima mwenye nyumba.

Kuheshimu hayo si woga. Mgeni anayejua saa na pahali pa kunywa anakaribishwa tena kesho.

Nairobi, Dar es Salaam, Kampala

Basi mji kwa mji, shabiki atafute nini?

Nairobi, bia ya kwanza kuijua ni Tusker. Kiwanda chake kilianza mwaka wa 1922, na jina linatoka kwa tembo mwenye pembe kubwa aliyemuua mmoja wa waanzilishi, George Hurst, mwaka wa 1923, alipokuwa akiwinda. Wakenya wenyewe wanagawanyika: kuna wa Tusker, kuna wa White Cap, kuna wa Pilsner. Mhudumu atauliza swali linalowashangaza Wakongomani wengi: ya moto ama ya baridi? Moto hapo maana yake ni bia isiyotoka kwenye frigo, na wako wazee wasiokubali nyingine. Bia hiyo inakwenda na nyama choma, ambayo huagizwa kwa kilo ao nusu kilo, ikikatwa juu ya ubao na kuletwa na ugali na kachumbari. Soko la Kenyatta linajulikana kwa nyama hiyo. Kwa anayetoka uwanja wa Kasarani, mtaa wa Roysambu kwenye barabara ya Thika una baa nyingi zaidi ya anavyoweza kuzimaliza.

Onyo moja kwa Nairobi: wakaaji wa huko wanaita mchele dawa ambayo wezi wanatia katika kinywaji cha mtu ili alale. Chupa ifunguliwe mbele yako, na ukienda msalani, ile uliyoiacha usiirudie. Wenyeji nao wanafanya hivyo.

Dar es Salaam, uwanja wa Benjamin Mkapa uko Temeke. Una viti 60 000. Bia za nchi ni Kilimanjaro, Safari, Ndovu na Serengeti. Pahali pa kunywa panaweza kuitwa baa, lakini pia grosari, na mgeni asidhani huko wanauza sukari na sabuni: grosari ya Dar ni baa ndogo yenye viti nje. Chakula ni mishikaki, ndizi za kuchoma, mbuzi, na kwa wanaokula nguruwe, kitimoto. Mkaaji wa Lubumbashi akiomba Simba hatapewa chupa. Ataulizwa kama kweli yeye si wa Yanga, sababu huko Simba ni timu, na nusu ya baa itakuwa upande mmoja na nusu upande mwingine. Akitaja Fiston Mayele, aliyefungia Yanga mabao mengi na kuwafanya Watanzania wacheze mtindo wake wa kutetema, atapata marafiki na maadui kwa dakika moja, wote wa kucheka nao.

Na asisahau kupita Sinza. Kuna kituo cha daladala kinachoitwa Sinza kwa Remmy, kwa jina la Remmy Ongala, mwanamuziki aliyetoka Kindu, akaishi Dar es Salaam na kufia huko mwaka wa 2010. Watanzania walimchukua Mkongomani huyo kuwa wao kabisa, mpaka mtaa ukaitwa kwake. Walimjua kwenye kumbi za dansi na bia, si katika ofisi ya ubalozi.

Kampala ni tofauti. Kiswahili hakifiki mbali kama Nairobi, na Kiganda ao Kiingereza kidogo kitasaidia. Uwanja wa Namboole uko upande wa barabara ya Jinja. Bia ya Nile Special inatoka Jinja, pale ambapo mto Nil unatoka katika ziwa Victoria. Bell inatoka Luzira, ufukoni mwa ziwa lile lile. Baa ndogo ya mtaani inaitwa kafunda, na nyama ya kuchoma inaitwa muchomo. Anayetaka kwenda mbali zaidi ya chupa atafute malwa, pombe ya ulezi. Wanywaji wanaizunguka chungu moja, maji ya moto yanaongezwa, kila mmoja anavuta kwa mrija wake mrefu. Mtu wa Kivu aliyelelewa karibu na kasiksi, pombe ya ndizi, hatahitaji maelezo. Atajua kwamba pombe ya namna hiyo hainywewi peke yako.

Swali litakaloulizwa mezani

Hayo yote yangekuwa mambo ya starehe tu, kama Congo ingekuwa katika amani.

Tarehe 7 mwezi wa pili mwaka wa 2024, kwenye nusu fainali ya Abidjan dhidi ya Côte d'Ivoire, wachezaji wa Leopards walifunika kinywa kwa mkono mmoja na kuweka vidole viwili vya mkono mwingine kwenye kichwa, kama bunduki, wakati wa wimbo wa taifa. Walitaka dunia ione vita vya mashariki, na jinsi dunia inavyovinyamazia. Walipoteza mechi 1-0, lakini ishara ile ilionekana kila pahali.

Tangu hapo mambo yalizidi kuwa mabaya. Goma ilianguka mikononi mwa M23 mwezi wa kwanza mwaka wa 2025, Bukavu mwezi uliofuata. Hata bia iliguswa. Mwezi wa sita mwaka huo, kampuni ya Heineken, wakati huo mwenye Bralima, ilitangaza kwamba watu wenye silaha wamechukua mitambo yake ya Bukavu na Goma, na kwamba imewaondoa wafanyakazi wake waliokuwa wamebaki huko. Kiwanda cha Bukavu kilikuwa kinapika Primus, na kilikuwa kinalisha familia nyingi: wapishi wa bia, madereva, wenye depo, mama wa nganda katika kila mtaa.

Kwa hiyo shabiki wa Bukavu ao Goma atakapoketi Temeke ao Roysambu, swali litakuja. Halitatoka kwa mwandishi wa habari. Litatoka kwa fundi wa magari aliyeketi meza ya pili: ndugu, huko kwenu kukoje sasa? Na fundi huyo, ambaye amesikia habari za Congo kwenye redio kwa miaka mingi bila kumjua Mkongomani hata mmoja, atakumbuka jibu alilopewa na mtu aliyekunywa naye.

Hapo ndipo kuna uzito wa jambo zima. Wachezaji wana sekunde chache za wimbo wa taifa. Shabiki ana jioni nzima. Aliyejifungia katika hoteli ya wageni, ao aliyelewa mpaka akagombana, amepoteza nafasi hiyo. Aliyeketi kwa heshima, akaijua bia ya mwenyeji, akaisifu pale inapostahili na kueleza bila matusi yaliyomkuta nyumbani, ameifanyia nchi yake kazi ambayo hotuba nyingi hazijaifanya.

Vipi wasiokunywa?

Wako wasomaji watakaosema kwamba kabumbu na pombe vitenganishwe kabisa. Hawakosi sababu. Kila mji wa Congo unajua nyumba iliyoharibika kwa chupa, na kila barabara inajua ajali ya dereva aliyetoka kushangilia. Kwenye milango ya viwanja, mtu aliyelewa anaweza kurudishwa na tiketi yake mkononi, na hiyo ni hasara isiyo na wa kulipwa.

Lakini jibu si kukaa mbali na watu. Meza ile ile inampokea anayekunywa soda ya tangawizi ao maji. Katika baa za Dar es Salaam na Nairobi, mtu anayeagiza soda na sahani ya mishikaki hashangazwi na mtu. Kinachotafutwa ni kiti kati ya wenyeji, na bia ni njia moja tu ya kukipata, ingawa ndiyo iliyo fupi zaidi.

Na anayekunywa ajiwekee sheria ndogo tatu. Ale kabla ya kunywa. Aache gari ao pikipiki pale alipolala, aende na arudi na usafiri wa watu. Na aweke kando, katika mfuko wasioujua hata rafiki zake, pesa ya basi ya kurudi nyumbani. Shabiki aliyekwama mji wa kigeni siku tatu baada ya timu kuondoka anakuwa mzigo kwa ubalozi na aibu kwa wenzake.

Waandaaji nao wafungue njia

Shabiki peke yake hatoshi. Wenye kuandaa CAN 2027 wana sehemu yao.

Afrika Kusini, mwaka wa 2010, wauzaji wadogo wengi waliwekwa mbali na viwanja vya Kombe la Dunia kwa sababu eneo lilikuwa la wadhamini. Watu waliokuwa wamesubiri miaka wageni waje walibaki kuwaona wakipita ndani ya mabasi. Brazil, mjini Salvador, wanawake wanaouza acarajé walitaka kuondolewa karibu na uwanja. Waliandamana, na kwa Kombe la Dunia la mwaka wa 2014 baadhi yao wakaruhusiwa kuuza. Mifano hiyo miwili inaonyesha kwamba uzio unaweza kusogezwa, watu wakisema mapema.

Kenya, Uganda na Tanzania zisingoje maandamano. Mama wa nyama choma wa Kasarani, mwenye grosari wa Temeke na mwenye kafunda wa upande wa Namboole ndio sura ya CAN ambayo wageni wataikumbuka. Wapewe kibali kwa wakati, maji, choo safi na taa barabarani. Wapangiwe saa zinazolingana na mechi za usiku, ili mgeni asilazimike kuvunja sheria ili ale chakula cha jioni.

Na upande wa Congo, shirikisho la kabumbu, wizara ya michezo na kamati za mashabiki wasigawe jezi peke yake. Karatasi moja kwa Kiswahili ingetosha: saa za baa katika kila nchi, namna ya kubadilisha pesa, namba ya ubalozi, mitaa yenye usalama usiku, na mambo yasiyofanywa Zanzibar. Karatasi hiyo haina gharama kubwa kuliko bendera, na itaokoa watu wengi zaidi.

Mwezi wa nane mwaka wa 2025, kwenye CHAN, Kenya iliifunga Congo 1-0 uwanjani Kasarani. Mwaka wa 2027 huenda matokeo yawe mengine, huenda yawe yale yale. Hilo liko miguuni mwa wachezaji. Yanayofuata baada ya filimbi yako mikononi mwa shabiki. Atafute mtaa, aulize bia ya hapo, akubali ya moto ao ya baridi, na mwenyeji akiuliza habari za nyumbani, aweke chupa chini kwanza, kisha aeleze.